Je, kichwa cha bondia huzoea ngumi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni bondia, nina miaka 22, nacheza kilo 61. Nimepanda ulingoni mara saba, nimeshinda tano. Zile mbili nilizopoteza nilidondoshwa, moja ikiwa raundi ya kwanza kabisa. Mtaani wameanza kunitania kwamba nina kidevu cha andazi. Mwalimu wangu anasema dawa ni kuzoea, kwa hiyo kila Jumamosi ananipandisha na jamaa wa kilo 75, ananikataza kurudisha, nikae tu kwenye kamba nile ngumi. Anasema hata Muhammad Ali alifanya hivyo. Huu ni mwezi wa pili. Kweli siogopi tena kama mwanzo. Jumamosi iliyopita tu ndiyo nilirudi nyumbani kichwa kikauma mpaka Jumatatu, na redio ya jirani ikawa inanikera. Swali langu: uwezo wa kuhimili ngumi unaongezeka, au mtu anazaliwa nao? Na niongeze nini kwenye mazoezi? – Bondia, Tandika

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniuliza jambo moja waziwazi, na lingine umelipitisha pembeni kama mtu anayeaga huku ameshashika kitasa. Hilo la pembeni ndilo lililonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine zote. Lakini nitaanza na uliloliuliza, kwa sababu ukilielewa hilo, la pili halitahitaji nikubembeleze.

Uwezo wa kuhimili ngumi unaongezeka. Nimekaa kando ya ulingo kama daktari kwa miaka mingi, na nimeona vijana waliokuwa wakianguka kwa kila kitu wakageuka kuwa watu wa raundi kumi. Ila sikumbuki hata mmoja aliyefika huko kwa kupigwa kichwani. Kiganja kikishika jembe kila siku kinaota sugu. Nyayo ya mtembea peku inakuwa ngumu kama soli. Hata pua ya bondia huzoea, baada ya miaka haitoki damu ovyo. Ubongo hauoti sugu. Ukitikiswa leo, mara nyingi kesho ngumi nyepesi zaidi inatosha kuutikisa tena. Vinavyoweza kujifunza ni vile vinavyouzunguka: shingo, macho, miguu, pumzi, na utulivu wa mtu mwenyewe.

Tazama kinachotokea unapodondoshwa. Watu hudhani ngumi inayolaza ni ile inayouma. Muulize mtu aliyewahi kulala kweli, atakwambia hakusikia maumivu yoyote; aliona mwanga, au hakuona kitu, halafu akamwona refa anahesabu. Chukua dafu, lizungushe ghafla kisha lisimamishe. Ganda limetulia, maji ndani bado yanazunguka. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.4 hivi, ni laini kama uji ulioganda, na unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Kichwa kikizungushwa ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unafuata kwa kuchelewa, na nyuzi zake zinavutwa. Mvutano ukilifikia shina la ubongo, pale penye swichi ya mtu kuwa macho, swichi inazimika na miguu inakuwa si yako.

Sasa kwa nini kidevu? Jaribu kuusukuma mlango karibu na bawaba, utatoa jasho. Usukume kwenye kitasa, unafunguka kwa kidole. Kidevu ndicho kitasa cha kichwa. Ngumi ileile ikitua kwenye paji la uso inaweza kumvunja mpigaji kidole. Ikitua pembeni ya kidevu inazungusha kichwa chote. Ndiyo maana jina la utani ulilopewa halikutendei haki. Hakuna kidevu cha andazi. Kuna kidevu kilichoachwa juu, na kuna shingo isiyokuwa tayari.

Je, watu huzaliwa tofauti? Ndiyo, wapo waliojaliwa. George Chuvalo wa Kanada alicheza mapambano 93 ya kulipwa, akakutana na Ali, Joe Frazier na George Foreman, na hakuwahi kudondoshwa hata mara moja. Huwezi kumfundisha mtu awe Chuvalo. Unene wa shingo, umbo la taya, upana wa mabega, hayo ni ya baba na mama. Hata namna ubongo unavyostahimili madhara ya muda mrefu kuna sehemu inayotokana na jeni; mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mabondia wenye aina fulani ya jeni walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya kucheza kwa miaka mingi. Lakini hicho huwezi kukibadilisha, kwa hiyo tusikipotezee muda.

Nikupe tarakimu moja ambayo huwa nawapa walimu wa ngumi. Mwaka 1985 huko Uingereza walipima ngumi ya Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia miaka kumi baadaye. Ngumi yake ilitua kwa kasi ya mita 8.9 kwa sekunde, na nguvu yake yote ilikuwa imeshamalizika kupanda ndani ya milisekunde 14 tangu iguse. Mtu anahitaji kama milisekunde 200 kuona kitu na kuanza kukijibu. Kwa hiyo shingo haiwezi kukaza baada ya ngumi kutua. Ngumi imeshamaliza kazi yake kabla habari hazijafika. Shingo inasaidia ikiwa tu imekazwa kabla. Na itakazwa kabla ikiwa tu umeiona ngumi inakuja. Msemo wa mabondia kote duniani kwamba inayokulaza ni ile usiyoiona si hadithi ya kijiweni, ni fiziolojia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu wako, ingawa si mwongo. Yeye ameona kitu cha kweli, amekitafsiri vibaya. Kijana mpya akirushiwa ngumi hufumba macho, huinua kidevu, hugeuza uso pembeni kama anayekimbia moshi wa kuni, na pumzi huikata. Katika hali hiyo hata ngumi ya mtoto inaweza kumyumbisha. Baada ya miezi miwili ya kurushiwa ngumi, macho yanabaki wazi, kidevu kinashuka chenyewe, pumzi inatoka kidogokidogo puani. Mwalimu anatazama, anaona kijana hayumbi tena, anasema kichwa kimekomaa. Kichwa hakikukomaa. Hofu ndiyo iliyopungua, na misuli imeacha kufanya ujinga. Uliposema huogopi kama mwanzo ulikuwa unaeleza faida yote uliyopata, na faida hiyo ungeipata kwa ngumi nyepesi za kugusa, kutoka kwa mtu wa kilo zako, bila kupoteza chembe moja ya ubongo. Thailand, ambako mabondia wa Muay Thai hucheza mapambano mengi kuliko sisi, sparingi yao, yaani mapambano ya mazoezi, mara nyingi ni kama watu wanaotaniana. Wanajua ngumi za kweli zinawasubiri ulingoni, hakuna haja ya kuzila jimu bila malipo.

Kama ningekuwa na jioni moja tu ya kukaa na mwalimu wako, ningemwonyesha mapambano matatu ya Wladimir Klitschko na kunyamaza. La kwanza ni la Machi 2003, Hanover, Ujerumani. Klitschko ni bingwa, ana karibu mita mbili, anapigana na Corrie Sanders wa Afrika Kusini, mtu ambaye wengi walimjua zaidi kwa mapenzi yake ya gofu. Sanders anamdondosha mara nne, pambano linaishia raundi ya pili. La pili, Aprili 2004, Las Vegas: anampiga Lamon Brewster raundi nne mfululizo, anaishiwa pumzi, anasimamishwa ya tano. Dunia nzima ikasema huyu kidevu hana, amekwisha. Walimwita taya la kioo, ambalo kwa Kizungu ndilo andazi lako.

La tatu ndilo la kutazama kwa makini. Septemba 2005, Atlantic City, anakutana na Samuel Peter, Mnaijeria anayepiga kama anayebomoa ukuta. Klitschko anakwenda chini mara mbili raundi ya tano, na mara nyingine raundi ya kumi. Mara tatu! Kidevu ni kilekile cha Hanover. Lakini safari hii anainuka, anamkumbatia Peter mpaka kichwa kitulie, anarudi kwenye umbali wake, mkono wa kushoto unanyooka usoni mwa mwenzake tena na tena, na anashinda kwa pointi. Miezi saba baadaye akawa bingwa tena, na hakupoteza pambano mpaka Novemba 2015 kwa Tyson Fury. Zaidi ya miaka tisa. Nini kilibadilika? Mwalimu wake Emanuel Steward hakumweka kwenye kamba apigwe ili akomae. Alifanya kinyume: alimjengea mtindo ambao ndani yake kidevu hakifikiwi. Mguu wa nyuma uko tayari kurudi, mkono wa mbele umepima umbali, na mtu akivuka umbali huo anakutana na kukumbatiwa na kulaliwa na kilo zaidi ya mia. Wengine walisema ni ndondi ya kuchosha kutazama. Inawezekana. Ila mtu mwenye kidevu kibaya kuliko vyote katika uzito wake alitawala uzito huo karibu muongo mzima, na hilo kwangu ni jibu tosha la swali lako.

Kwa hiyo ufanye nini?

Shingo kwanza, kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi katika jimu zetu. Nikiingia naona watu wanapiga begi, wanaruka kamba, wanakata tumbo mia mia. Wa shingo simwoni. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanamichezo wa sekondari zaidi ya 6,000 nchini Marekani. Uligundua kwamba kila ratili moja (karibu nusu kilo) ya nguvu iliyoongezeka shingoni ilikwenda na upungufu wa asilimia 5 wa uwezekano wa kupata mtikisiko wa ubongo. Wale walikuwa wa mpira wa miguu, kikapu na lakrosi, si mabondia, na tafiti nyingine hazikupata tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo usinichukulie kwamba shingo nene ni hirizi. Lakini ni mazoezi ya bure na hayana madhara yakifanywa polepole. Kaa kwenye kiti, mgongo wima. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku mkono unakataa, kichwa kisisogee hata kidogo. Hesabu kumi, pumua. Hamishia kiganja kisogoni, halafu kila upande wa kichwa juu ya sikio, halafu chini ya kidevu. Mara tatu kwa wiki. Baada ya mwezi badala ya kiganja tumia taulo lililoshikwa na mwenzako, avute kwa upole. Lile zoezi la kusimamia kichwa mkekani na kujibinua kama daraja liache. Nimeona picha za eksirei za shingo za watu walioliabudu, na diski zao zilikuwa hazifurahishi. Sambamba na shingo, jizoeze kuuma kinga ya meno na kushusha kidevu wakati wote mikono ikiwa kazini. Wengi hushusha kidevu wakijilinda, wakianza kushambulia wanakiinua kama wanaotafuta mtu ng'ambo ya barabara. Naomba uitazame video ya pambano ulilolala raundi ya kwanza. Nitashangaa kama hukuwa unarusha ngumi wakati ulipopigwa.

Macho na miguu ni kazi ya mwalimu zaidi yangu. Nitasema tu kwamba bondia mzoefu hatazami glovu, anatazama kifua na mabega, kwa sababu bega huanza safari kabla ya ngumi. Na mtu anayesimama miguu imenyooka, visigino vyote chini, ngumi nusu humwangusha mzima. Magoti yakiwa yamelegea, mwili wote unasafiri kidogo na ngumi na kichwa hakibaki peke yake kulipa gharama.

Kuna jambo lingine ambalo halifundishwi kabisa kwetu: namna ya kuwa umeumizwa. Kila bondia ataumizwa siku moja. Anayefundishwa tu kuwa mwanaume hurudi kupigana huku miguu ikicheza sindimba, na ngumi ya pili ndiyo inayomlaza. Anayejua kazi humkumbatia mwenzake, anafunga mikono yake kwa kwapa, analala juu yake mpaka refa awatenganishe. Au anapiga goti moja, anachukua hesabu mpaka nane, anainuka na sekunde nane za kupumua alizopewa bure na sheria. Fanyeni hilo mazoezini kama mnavyofanya ngumi mbili-mbili. Halina aibu. Klitschko alitetea mikanda mingi kwa kukumbatia.

Tumbo ni habari nyingine, na hapo mwalimu wako angekuwa sahihi zaidi. Misuli ya tumbo ni misuli, inakua na inazoea. Mpira mzito wa mazoezi ukidondoshewa tumboni huku ukitoa pumzi, unafundisha misuli kukaza kwa wakati. Ila hata hapo ini halizoei. Liko kulia, chini ya mbavu, na ngumi ya kushoto ikiingia pale kwa pembe sahihi, mwili unakata tamaa wenyewe hata kama akili inataka kuendelea. Septemba 2004 Bernard Hopkins alimpiga Oscar De La Hoya ngumi moja ya ini raundi ya tisa. De La Hoya, bingwa wa Olimpiki, alibaki anapigapiga turubai la ulingo kwa ngumi, ana fahamu zake zote, na kuinuka hawezi. Kiwiko cha kulia kikae karibu na mbavu. Ndiyo kinga ya ini iliyopo.

Hukuniambia unapunguza kilo ngapi kabla ya kupima uzito. Nimekaa kwenye mizani za kutosha kukisia. Kijana anakuja midomo imepasuka, ametembea na chupa siku nzima anatemea mate, jana yake amekimbia saa sita mchana ndani ya nailoni mbili na sweta. Nikimgusa ngozi ya mkono na kuifinya, inabaki imesimama kama karatasi. Anapima, anapita, anakunywa maji na supu, na kesho yake jioni anapigana akidhani kila kitu kimerudi. Kilo zinarudi haraka. Maji ya mwilini hayarudi yote mahali pake kwa saa ishirini na nne, na mimi simwamini kichwani bondia aliyejikausha. Roy Jones Jr. alipanda uzito wa juu akachukua mkanda Machi 2003, akashuka tena kilo kadhaa za misuli kurudi kilo 79. Mtu ambaye kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyewahi kumlaza, Mei 2004 Antonio Tarver alimlaza raundi ya pili, na Septemba Glen Johnson akamlaza tena ya tisa. Alikuwa na miaka 35, kwa hiyo umri nao ulikuwemo. Lakini uwezo ulioonekana wa kudumu uliondoka ndani ya miezi kumi na nane. Kama kilo 61 unazifikia kwa kujikausha, labda wewe ni bondia wa kilo 64 na andazi lako limetoka kwenye mizani.

Sasa Ali, maana najua mwalimu wako atamtaja tena. Kinshasa, Oktoba 30, 1974, uwanja wa 20 Mei. Kweli Ali aliegemea kamba na kumwacha Foreman apige mpaka achoke, akamlaza raundi ya nane. Litazame tena pambano lile. Mikono imefunika uso, kichwa kimelalia nyuma nje ya ulingo, ngumi nyingi zinatua kwenye mikono na mabega, kamba zinameza nguvu, na kila raundi Ali anarudisha ngumi kali usoni mwa Foreman. Hakukatazwa kurudisha. Ni kweli pia kwamba mazoezini alikuwa akiwaacha wenzake wampige, akiamini kama mwalimu wako anavyoamini. Daktari wake wa kona, Ferdie Pacheco, alimwomba astaafu, na 1977 Pacheco mwenyewe akaondoka kwenye kona yake. Mwaka 1984, Ali akiwa na miaka 42, madaktari walisema ana dalili za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Wataalamu bado wanabishana ngumi zilichangia kiasi gani, lakini simjui daktari wa ulingoni anayeamini kwamba zile za mazoezini zilimsaidia. Tangu 1928, daktari wa Marekani Harrison Martland alipoandika kuhusu mabondia wazee wanaotembea kama walevi, tumejua kwamba si kulazwa (KO) pekee kunakohesabiwa. Ni jumla. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakuna anayekitaka. Helmeti unayovaa Jumamosi inazuia kuchanika. Kichwa kinazunguka ndani yake kama kawaida. Mwaka 2013 chama cha ndondi za ridhaa duniani kiliziondoa kwa wanaume wakubwa, na kwenye Olimpiki ya Rio 2016 wakapigana bila hizo.

Halafu kuna Robert Wangila wa Kenya. Pengine ulikuwa hujazaliwa. Seoul, 1988, uzito wa kilo 67, fainali ya Olimpiki: alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, na Kenya ikapata dhahabu yake ya kwanza ya ndondi. Tulikuwa tunamsikiliza redioni. Alikuwa mgumu kweli, si kidevu cha andazi. Akaenda kucheza ndondi za kulipwa Marekani. Julai 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzalez, refa akasimamisha raundi ya tisa. Wangila akalalamika. Alisimama kwa miguu yake akimlalamikia refa kwamba amemwonea, kwamba yuko sawa. Akaenda chumba cha kubadilishia nguo, na huko akapoteza fahamu. Alifariki Julai 24, akiwa na miaka 26. Mimi kila ninapokaa kando ya ulingo na bondia akaniambia "daktari niko fiti, niache", ninamwona yeye. Mtu dhaifu akianguka raundi ya kwanza anakwenda nyumbani kula. Mgumu ndiye anayebaki mpaka ya tisa.

Na sasa kichwa chako. Maumivu ya siku mbili baada ya kupigwa, na sauti kukukera, hayo ni mtikisiko wa ubongo mpaka daktari aliyekugusa aseme vinginevyo. Hukuzimika, najua. Si lazima uzimike. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja alimaliza raundi zote, akashinda, akainua mkono wake mwenyewe. Chumbani wakati naangalia macho yake akaniuliza kwa upole kabisa, "Daktari, sasa hii inayofuata ni raundi ya ngapi?" Alikuwa na mkanda begani.

Ninachokiogopa kwako si Jumamosi iliyopita, ni ijayo. Ubongo uliotikiswa na haujapona, ukipigwa tena hata ngumi ya kawaida, unaweza kuvimba kwa dakika chache. Hutokea mara chache, na wanaokutwa nalo wengi ni vijana wa umri wako. Kwa hiyo kesho nenda hospitali, ueleze hivihivi ulivyonieleza, usipunguze. Mwambie mtu unayeishi naye kwamba ukianza kutapika mfululizo, ukisinzia na kuwa mgumu kuamshwa, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukalegea, ukipata degedege au kichwa kikazidi badala ya kupungua, asisubiri asubuhi. Siku mbili za mwanzo pumzika, simu weka mbali. Baada ya hapo tembea, kisha kimbia polepole, kisha ruka kamba na upige begi, kila hatua ipewe angalau siku nzima, na dalili zikirudi unashuka hatua moja. Sparingi iwe ya mwisho, kwa ruhusa ya daktari. Kanuni za ndondi za ridhaa kwa muda mrefu zimempa aliyelazwa kwa ngumi za kichwa angalau siku 30 nje, na siku 90 akilazwa mara mbili ndani ya miezi mitatu. Wewe jihesabie hizo 30 ingawa hakuna refa aliyekuhesabia.

Mwalimu wako msomee barua hii, kwa heshima, mkiwa wawili. Mwambie ni daktari aliyekukataza, usibishane naye mbele ya wenzako. Jumamosi, kama kichwa hakiumi, nenda jimu kama kawaida ila usivae glovu. Kaa pembeni ya ulingo, mtazame yule jamaa wa kilo 75 akifanya kazi na mwingine wa kilo zake, na uangalie bega lake la kulia tu. Hesabu ni ngumi ngapi umezijua kabla hazijatoka.